Kijumba cha Chetambe

Siku hizi mzazi wa mjini aliye na mtoto shuleni hatupi kitu. Katoni ya viatu, vifuniko vya soda, vijiti vya mishikaki na magazeti ya juzi, vyote huwekwa chini ya kitanda, kwani hajui ni jioni gani mtoto atarudi nyumbani na kusema, "Mama, mwalimu anataka tutengeneze..." Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika kote nchini mwaka 2019, wengi wetu tumejifunza kukata na kubandika upya, uzeeni kama tulivyofanya utotoni.

Kijana wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 8, alirudi na lake mwanzoni mwa likizo ya Agosti. Walitakiwa kuonyesha, kwa umbo la mfano, kisa kimoja cha wenyeji waliopinga kutawaliwa na wakoloni. Mimi ndiye niliyependekeza vita vya Chetambe vya mwaka 1895, kwa sababu mama yangu alizaliwa upande wa Bungoma na nililelewa kwa masimulizi ya kilima hicho. Kijana akakubali upesi. Vita ni vita, na mvulana wa miaka kumi na mitatu hahitaji kusukumwa.

Nilipotoka kazini siku ya pili nilimkuta amekwisha kuanza. Alikuwa na ubao wa mraba, kilima cha karatasi zilizolowekwa kwenye gundi ya unga, na askari arobaini wa plastiki wa kijani walionunuliwa dukani. Moshi ulikuwa wa pamba, na moto ulikuwa wa pamba hiyo hiyo iliyopakwa rangi ya machungwa. Katikati ya moto alikuwa ameweka kikombe cha aiskrimu, amekipindua kifudifudi.

"Hicho ni nini?" nikamwuliza.

"Nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Akaniangalia, akainua mabega. "Nyumba tu, Mama. Ya kuchomwa."

Ndugu msomaji, sikulala vizuri usiku huo. Askari wote arobaini walikuwa na bunduki, kofia na mishipi ya viunoni, kila kitu kimechongwa. Mwenye nyumba alikuwa na kikombe cha aiskrimu. Nikahesabu siku zangu za likizo zilizobaki, nikampigia simu mjomba wangu Bungoma, na Ijumaa iliyofuata mimi na kijana tukapanda basi la usiku kuelekea Kitale.

Nyumba isiyo na moshi

Kutoka Nairobi hadi Kitale ni takriban kilomita 380, na mtu alalaye vizuri garini huamka asikie baridi ya Trans Nzoia ikimgusa shingoni. Mji wenyewe uko katikati ya mashamba ya mahindi, Mlima Elgon ukiwa upande wa magharibi na safu ya Cherang'any upande wa mashariki. Reli ilifika hapa mwaka 1926, wakati walowezi walipokuwa wakigawana ardhi hii. Leo sokoni utapata parachichi, maharagwe na viazi, na kina mama wanaokuuliza unatoka wapi kabla ya kukutajia bei.

Mwaka huo huo wa 1926, mlowezi mmoja mwanajeshi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha hapa jumba lake la makumbusho. Alikuwa mkusanyaji hodari wa wadudu, vipepeo, ndege na vitabu. Alifariki mwaka 1966, na mkusanyo wake ukawa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mjini mwaka 1974. Ukipita vipepeo na ndege waliokaushwa, unatoka nje kwenye uwanja uliojengwa nyumba za asili za jamii za magharibi, na ukiendelea mbele unaingia katika njia ya msituni penye miti ya kienyeji na tumbili wasio na haya.

Kijana alisimama mbele ya nyumba moja ya mviringo ya ukuta wa udongo na paa la nyasi. Alinyanyua mkono, akapima kizingiti cha juu cha mlango kwa kiganja chake.

"Mbona mlango ni mfupi hivi?"

Mhudumu mmoja aliyekuwa akifagia alimjibu kwa swali. "Wewe ukiingia ukiwa umeinama, na mwenyewe yuko ndani amesimama, nani atamwona mwenzake kwanza?"

Tukaingia tumeinama. Ndani palikuwa na giza na ubaridi, na macho yalipozoea tukaona fito za paa zikikutana juu. Kijana akanusa hewa, kisha akasema neno lililonishangaza: "Hii haina moshi."

Alikuwa amesema kweli. Nyumba ya makumbusho imejengwa ili ionekane, wala hakuna anayepika humo kila siku. Hakuna masizi kwenye fito, hakuna alama ya mgongo wa mtu ukutani mahali pa kuketi. Ni mwalimu mzuri wa umbo, na yeyote mwenye watoto naomba awapeleke. Lakini tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa nyumba ya mtu.

Kanali mmoja na nahodha mmoja

Tulipokuwa tukinywa chai mjini, nilimweleza kijana kwamba kazi aliyopewa ina jina na ina historia. Mandhari ndogo inayojengwa mezani au kabatini, yenye watu, nyumba na miti, huitwa dayorama. Neno hilo lilienea kutoka Paris, ambako Louis Daguerre, yule yule aliyekuja kusifika kwa upigaji picha, alifungua jumba la maonyesho lenye jina hilo mwaka 1822. Mambo yake yalikuwa picha kubwa zilizobadilika kwa mwanga. Dayorama za vitu vidogo vidogo zilikuja kutumia jina hilo baadaye.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha nahodha wa Kiingereza, William Siborne. Miaka kumi na mitano baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, aliagizwa atengeneze mfano wa uwanja wa mapigano. Alikwenda Ubelgiji, akaishi miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, lililokuwa katikati ya mapigano, akipima mabonde, ua na njia. Pia aliwaandikia maofisa walionusurika, akawauliza kila mmoja alikuwa wapi na aliona nini. Mfano huo ulionyeshwa London mwaka 1838, ukiwa na makumi ya maelfu ya askari wadogo wa madini, na upo hadi leo katika makumbusho ya jeshi la nchi kavu mjini humo.

"Ulipendwa?" kijana akauliza.

Wananchi waliupenda. Ila Mtawala wa Wellington, jemadari aliyesifiwa kwa ushindi ule, hakufurahia jinsi majeshi ya Prussia yalivyoonyeshwa kuwa mengi na karibu mno saa ya mwisho, na hatimaye Siborne akaondoa maelfu ya askari hao mezani. Ndiyo maana nikamwambia kijana wangu: usidhani hiki ni kitu cha kuchezea. Mtu anayeweka askari juu ya ubao ameandika historia, na anayeacha kuweka kitu ameandika pia.

Akanyamaza, akakoroga chai yake kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akikifikiria kile kikombe cha aiskrimu.

Juu ya kilima

Matatu ya kwenda Webuye hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na ukishavuka kutoka Trans Nzoia kuingia Bungoma, unaona vipande vya mashamba vikipungua ukubwa na miwa ikianza kushindana na mahindi. Webuye ni mji wa maporomoko ya Mto Nzoia, ambayo wakoloni waliyaita Broderick na wenyeji huyaita Nabuyole. Kwa miaka mingi watu waliujua kwa kiwanda cha karatasi, kilichosimamisha kazi mwaka 2009. Juu ya mji kuna kilima kirefu chenye mawe makubwa. Hicho ndicho Chetambe.

Tulipanda taratibu, tukiongozwa na mzee wa jirani aliyekuwa rafiki ya mjomba. Juu, upepo ulikuwa mkali, na mto ulionekana ukipinda mbali chini. Mzee alisimama mahali penye nyasi fupi, akatuonyesha kwa bakora yake mkunjo ardhini, kama mfereji uliojaa udongo wa miaka mingi.

"Hili ni handaki," alisema. "Na hapa pembeni, ukuta."

Ngome hii ilikuwa ya Chetambe, mzee wa Watachoni. Siku zile, vijiji vingi vya eneo hili vilizungushiwa ukuta wa udongo na handaki kwa nje, na milango myembamba iliyofungwa kwa magogo usiku. Wabukusu huita kijiji cha namna hiyo lukoba. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita magharibi mwa Kenya mwaka 1883, alivikuta vijiji vya aina hii. Kwa hiyo msomaji asidhani ngome ya Chetambe ilikuwa kambi ya askari. Ilikuwa mahali pa kulala, pa kupika, pa kufungia ng'ombe. Ukuta uliwekwa kwa sababu ndani mlikuwa na watu.

Mwaka 1895 sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda katika vitabu vya Waingereza, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1902. Kituo chao kilikuwa Mumias. Kisa kilianzia kwenye bunduki: Wabukusu walikuwa wamepata bunduki kadhaa, na kikosi kilichotumwa kwenda kuzidai kilishambuliwa na karibu kumalizwa chote. Ndipo Charles William Hobley, ofisa wa Mumias, akaungana na William Grant kuongoza msafara mkubwa wa kulipiza kisasi. Walikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai. Walishambulia kwanza Lumboka, ngome ya Wabukusu. Walionusurika wakakimbilia hapa kwa Chetambe, na msafara ukawafuata.

Masimulizi mengi hutaja bunduki kubwa ya Hotchkiss iliyotumiwa kuupiga ukuta huu. Ukuta wa udongo uliojengwa kuzuia mkuki na mshale haungeweza kuizuia. Wengi waliuawa. Wanawake na watoto walichukuliwa mateka na ng'ombe wakaswagwa. Hobley mwenyewe aliandika juu ya safari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1929, na kwa muda mrefu wanafunzi wetu walivijua vita hivi kwa macho ya aliyekuwa nje ya ukuta.

Lakini walio upande wa ndani hawakusahau. Mwaka 1947, Elijah Masinde, mchezaji kandanda wa zamani aliyeongoza Dini ya Msambwa, aliwaleta maelfu ya wafuasi wake hapa kilimani kuwakumbuka waliokufa. Hawakuwa na sanamu wala jiwe la kumbukumbu. Walikuwa na mkunjo huu wa ardhi, na majina.

Kijana alishuka ndani ya handaki, akalala chali ili aone mtu aliye humo anaona nini. Kisha akamwuliza mzee: "Nyumba zilikuwa upande gani?"

Mzee akacheka kidogo. "Watu wengi huniuliza bunduki ilikuwa upande gani." Akaelekeza bakora katikati, penye mahindi ya mtu. "Huko kote."

Sentimita kumi na mbili

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alitupokea langoni kwa "Mulembe!" na mikono miwili, akamwita kijana "papa" kama wanavyoitwa watoto wa kwetu. Kijana alijibu "Mulembe, kuka," nikafurahi, kwani neno hilo nilimfundisha garini na nilidhani litamtoka akilini.

Nyuma ya nyumba ya mabati ya mjomba ilibaki nyumba moja ya nyasi. Ni ya marehemu bibi yangu, mama yake mjomba. Kwa miaka mingi imetumika kama jiko. Nyasi zimekuwa nyeusi, ukuta umebonyea upande wa mvua, na mjomba alituambia bila kuficha kwamba ingebomolewa Desemba.

"Khocha, kwa nini?" nikamwuliza, ingawa nilijua jibu.

"Nyasi za kuezekea nitazitoa wapi? Pale palipokuwa na nyasi pana miwa. Na aliyejua kuezeka hapa kijijini tulimzika mwaka jana. Paa likivuja msimu mmoja zaidi, ukuta utaanguka wenyewe juu ya mtu."

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulikuwa na utepe wa fundi cherehani na daftari la hesabu. Askari wa plastiki wa kijana wana urefu wa sentimita 5. Mtu mzima wa mita 1.75 akigawanywa mara 35 anakuwa sentimita 5. Kwa hiyo skeli yetu ilikuwa 1 kwa 35, ambayo ni moja ya skeli zinazopendwa na wajenzi wa dayorama za kijeshi duniani kote. Mwanafunzi unayesoma, chukua kalamu uhakikishe nasi.

Nyumba ya bibi ilikuwa na upana wa mita 4.2: gawanya kwa 35, unapata sentimita 12. Ukuta ulikuwa na kimo cha mita 1.75, sawa na sentimita 5. Mlango ulikuwa mita 1.4, yaani sentimita 4. Ndiyo sababu lazima uiname. Nguzo ya kati, kutoka sakafuni hadi kileleni, ilikuwa mita 3.85, sawa na sentimita 11. Upenu ulitokeza sentimita 70 nje ya ukuta ili mvua isiule udongo, nazo zikawa sentimita 2. Unene wa ukuta ulikuwa sentimita 17.5, yaani nusu sentimita. Ngome nzima tulishindwa. Uwanda wa mita 100 ungehitaji ubao wa karibu mita 3, nao hauingii mlango wa nyumba yetu ya kupanga. Tukakubaliana kujenga nyumba moja, kipande cha ukuta, na lango.

Wakati tukipima paa, kijana alipanda ngazi, akashangaa. "Kuka, huku juu kuna kitu kimekatwa."

Mjomba alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, nyumba ya mwenye boma huwa na kijiti kinachochomoza kileleni mwa paa. Waluo hukiita osuri. Kijiti hicho kinasema kwamba mwenye nyumba yupo. Akifariki, huondolewa.

"Baba yangu alipofariki, tulikiondoa," mjomba akasema. "Mama aliishi humu miaka mingi bila hicho kijiti."

Nilikuwa nimeingia na kutoka katika nyumba ile utoto wangu wote, nikala viazi vitamu humo na kulala humo, wala sikuwahi kuangalia juu.

Udongo wa kichuguu

Kijumba cha kwanza tulikijenga papo hapo kwa udongo wa bustani. Kesho yake asubuhi kilikuwa kimepasuka mara tatu kutoka juu hadi chini. Kijana akataka kukigeuza. "Tukiache hivi, kionekane kimepigwa mzinga."

Mke wa mjomba alikitazama, akaguna. "Hiki hakikupigwa na mtu. Hiki kilikandikwa na mtu asiyejua." Akatutuma kuchukua udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameshauchuja kuliko chekecheo lolote. Akatufundisha kuchanganya samadi ya ng'ombe iliyokauka, ikasagwa laini, pamoja na jivu kidogo. Nyuzi nyuzi za samadi hushikilia udongo usipasuke unapokauka, na kazi hiyo huifanya katika nyumba kubwa na ndogo sawasawa. Kisha ukuta ukaushwe kivulini, polepole, chini ya kitambaa chenye unyevu.

Kwa nguzo tulitumia vijiti vya mishikaki, tukavisimamisha kwa duara kwenye ubao uliotobolewa, tukasuka fito za njiti za ufagio, na kukandika tabaka mbili nyembamba. Paa ndilo lililotusumbua zaidi. Nyasi halisi, ukiziweka kwenye nyumba ya sentimita 12, huonekana kama magogo. Tulijaribu nywele za brashi, zikasimama kama nungunungu. Mwishowe tulifumua kamba ya katani, tukaikata vipande vya sentimita 3, tukailoweka kwenye chai ya rangi ili ipoteze weupe wake. Tukaanza kubandika kutoka chini kwenye upenu, tabaka juu ya tabaka, hadi kileleni. Ukianza juu, maji yataingia. Na ingawa kijumba hakitanyeshewa kamwe, jicho la aliyelala chini ya nyasi litajua.

Kisha kijana akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Akawasha mshumaa, akashika kijumba juu ya moshi wake kwa mbali, akakizungusha hadi fito za ndani zikawa nyeusi. "Sasa watu wamepika," akasema.

Ikabaki kijiti cha kileleni. Nyumba tuliyopima haikuwa nacho. Kijana alikuwa na kipande cha njiti mkononi, hajui akiweke au asikiweke, kwa sababu nilikuwa nimemsisitizia tangu Nairobi kwamba tusiongeze kitu ambacho hatukukiona. Akamwuliza mjomba.

"Inategemea," mjomba akajibu kwa sauti yake ya darasani. "Unajenga siku gani? Ukijenga baada ya vita, usikiweke. Hata nyumba yenyewe usiiweke, weka jivu. Lakini ukijenga jioni ya kabla, mwenye nyumba bado anaishi. Amerudi kutoka malishoni. Anangoja ugali."

Kijana alikaa na njiti ile hadi chakula cha usiku. Kabla ya kulala nikamwona ameinama chini ya taa, akiichomeka kileleni kwa ncha ya sindano.

Askari hawajafika

Tulirudi Nairobi na kijumba mapajani, kimefungwa kwa khanga ya mke wa mjomba. Moto wa pamba uliondolewa ubaoni. Askari wa plastiki walipata shida yao: kofia zao za chuma zilikuwa za Vita Vikuu vya Pili, karibu miaka hamsini mbele ya Chetambe. Askari wa Kisudani wa wakati ule walivaa tarabushi. Kijana akakata kofia kwa wembe, akavalisha kumi na wawili tarabushi za nta ya mshumaa mwekundu, akawapanga kwenye kona ya chini kabisa ya ubao, mbali na lango. Wale ishirini na wanane waliosalia walibaki katonini.

Juu ya kilima aliweka ukuta, lango lililo wazi, magogo ya kulifungia yakiwa yamelala kando, ng'ombe watatu wa udongo, na nyumba. Mlangoni aliweka mtu mmoja wa sentimita 5, ameinama.

Siku ya maonyesho mzazi mmoja alisimama mbele ya kazi ile, akaitazama kwa muda. "Vita viko wapi?" akauliza.

"Askari hawajafika," kijana akamjibu.

"Na hii nyumba ni ya nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikajisikia kama ninayeulizwa mimi. Kijana akaonyesha kijiti cha kileleni kwa kidole, akaanza kueleza, na yule mzazi akainama ili aone vizuri, kama mtu anayeingia ndani.

Desemba ilifika, na nyumba ya bibi ikabomolewa kama ilivyopangwa. Mjomba alituma picha ya mahali pake, pamefagiwa safi, mduara wa udongo mwekundu ukionekana bado. Likizo hiyo tulimpelekea kijumba. Sasa kiko juu ya kabati la vyombo Bungoma, na mjomba anasema kila ndugu akija, hata wale wanaume wakubwa waliozaliwa katika nyumba ile, kwanza hucheka, kisha huinama na kuchungulia mlangoni.

Msomaji mpenzi, huenda likizo ijayo mtoto wako atarudi na kazi kama hii. Kabla hujanunua gundi, uliza kama nyuma ya nyumba ya mjomba, shangazi au babu kungali na nyumba iliyosimama. Beba utepe wa kupimia na daftari. Nenda mapema, kabla ya Desemba. Na ukifika, angalia juu.